Kipande kwa Kila Mtu: Tarikhi ya Samaki wa Kuchoma na Mchuzi Wake

Huenda msomaji akastaajabu kuona, katika kitabu cha kumbukumbu chenye kutaja misikiti, madrasa na wazee waliotangulia, sura nzima imewekwa kwa ajili ya samaki wa kuchoma. Lakini tarikhi ya watu haimo katika majina ya masultani na miaka ya vita peke yake. Imo pia katika sinia. Majumba huanguka na vita husahauliwa, lakini mama humfundisha bintiye kukuna nazi kama alivyofundishwa yeye, na yule akamfundisha wake, hata jambo likavuka karne nyingi pasipo mtu kuliandika.

Maneno ya sura hii ni juu ya samaki wa bahari kuu mwenye mnofu mgumu, kama vile nguru, jodari, kolekole na sulisuli. Na moto wa makaa. Na mchuzi unaomiminwa juu yake. Shabaha yake ni moja tu: kuonyesha ya kuwa chakula hiki, tangu zama zinazojulikana kwa maandiko, kilikuwa chakula cha kugawana, na ya kuwa kila kilipoacha kugawanywa kwa haki, aliyepungukiwa hakuwa mwenye njaa tu, bali na mwenye kushiba pia.

NGURU KATIKA JAHAZI

Miongoni mwa wasafiri wa Kiislamu wa zamani, aliyeacha khabari nyingi za Bahari ya Hindi ni Ibn Battuta, mtu wa Tanja katika nchi ya Maghribi, aliyezaliwa mwaka wa 1304. Karibu na mwaka wa 1331 alishuka katika pwani ya Afrika. Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Na pembeni aliwekewa malimau na pilipili zilizohifadhiwa kwa chumvi na siki, na tangawizi mbichi, na maembe. Mombasa aliona ya kuwa chakula cha watu wake zaidi ni ndizi na samaki, kwani nafaka hawakuilima, bali waliletewa. Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Sulaiman, ambaye kwa ukarimu wake watu walimpa lakabu ya Abul Mawahib, yaani Baba wa Vipawa. Ibn Battuta alikuwapo Ijumaa moja Sultani huyo alipotoka msikitini, masikini mmoja kutoka Yemen akamwomba nguo alizozivaa, naye akaenda akazivua akampa saa ile ile.

Kutoka Kilwa msafiri huyo alirejea kaskazini hata Dhofar, katika pwani ya kusini ya Bara Arabu, na huko akapanda jahazi dogo la mtu wa kisiwa cha Masira, wakielekea Oman. Katika njia hiyo ndimo alimoandika khabari ambayo yafaa ikumbukwe na kila mpishi wa samaki. Chakula chao baharini kilikuwa tende na samaki. Asubuhi na jioni mabaharia walivua samaki ambaye kwa Kiajemi aliitwa shir mahi, maana yake simba wa samaki. Wengine husema jina hilo ndilo asili ya jina analoitwa hata leo, katika Bara Hindi, samaki wa jamaa ya nguru. Walimkata vipande, wakavichoma, kisha wakampa kila mtu aliyekuwamo chomboni kipande kimoja. Hawakumpendelea mtu juu ya mtu, wala nahodha wala mwingine. Wote walikula sawa, pamoja na tende zao. Iddi ya Kuchinja iliwakuta humo humo baharini, na siku ile upepo mkali ukawavumia. Huenda Iddi hiyo nayo kitoweo chake kilikuwa samaki.

Jambo hili si dogo. Ibn Battuta alikuwa amekula katika nyumba za masultani na makadhi, na aliandika kwa makini nani aliketi mbele na nani nyuma. Mtu wa namna hiyo alipoona chombo ambacho mwenye chombo na abiria wanapewa kipande kimoja kimoja, aliona kuwa ni jambo linalostahili kuandikwa.

Jahazi lilipokaribia mji wa Sur, alishuka akaenda kwa miguu mpaka mji wa Qalhat, akidhani ni karibu. Kiongozi wake wa njia alitaka kumwibia nguo zake, kiu kikamshika, na alipofika miguu yake ilikuwa imevimba hata karibu damu kutoka chini ya kucha. Akakaa siku sita kwa amiri wa mji akipumzika. Huko Qalhat, asema, alikula samaki ambaye hakupata kula mfano wake katika nchi yo yote, akampenda kuliko nyama zote, wala hakutaka kula kitu kingine. Watu wa mji walimchoma juu ya majani ya miti, wakamweka juu ya wali. Na mchele wao uliletwa na vyombo kutoka Bara Hindi.

Katika maneno hayo machache imo sura kamili ya sinia inayojulikana mpaka leo: samaki wa bahari yenyewe, moto wa nchi, na mchele wa ng'ambo. Kilwa ilivunjwa na Wareno mwaka wa 1505, na Qalhat ikachomwa nao mwaka wa 1508; leo yote miwili ni magofu. Lakini nguru aliyechomwa na kuwekwa juu ya wali wenye ndimu bado ni chakula cha heshima cha watu wa Oman, nao humwita mashuai, yaani aliyechomwa. Mawe yalianguka, sinia ikabaki.

RIZIKI ITOKAYO BAHARINI

Kwa Waislamu samaki ana jambo linalomtenga na nyama nyingine. Ng'ombe, mbuzi na kuku lazima wachinjwe na kutajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Samaki hahitaji kuchinjwa. Kurani imehalalisha mawindo ya bahari na chakula chake, hata kwa mwenye kuhirimia Haji ambaye mawindo ya nchi kavu ni haramu kwake. Na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na wasafiri wa baharini juu ya maji ya kutawadhia, aliwajibu ya kuwa maji ya bahari ni tohara, kisha akawaongezea jambo wasiloliuliza, kwamba mfu wake naye ni halali. Kwa hiyo samaki ni nyama rahisi kuliko zote kwa masikini: hana haja ya zizi wala malisho, wala ya kisu cha mchinjaji.

Masahaba nao walipata kujaribiwa katika jambo hili. Mtume alipeleka watu 300 mpaka pwani ya Bahari ya Sham, na amiri wao alikuwa Abu Ubaida bin Jarrah. Chakula kikawapungukia njiani. Abu Ubaida akaamuru kila mwenye akiba ailete, zikakusanywa pamoja, naye akawa akiwagawia kidogo kidogo kila siku, hata ikawa fungu la mtu ni tende moja kwa siku. Jabir bin Abdullah, aliyekuwa miongoni mwao, alipoulizwa tende moja yafaa nini, alijibu ya kuwa thamani yake waliijua ilipokwisha. Walifika kula majani ya miti waliyoyapiga kwa fimbo. Ndipo bahari ikawatupia ufuoni samaki mkubwa mno aitwaye Anbar, wakamla kwa siku nyingi hata miili yao ikarejea nguvu. Abu Ubaida akasimamisha mbavu mbili za samaki yule, akapitishwa ngamia chini yake asiziguse. Waliporudi Madina wakamweleza Mtume, naye akasema hiyo ni riziki aliyowatolea Mwenyezi Mungu, akauliza kama wamebakiwa na cho chote; wakampelekea, akala.

Imamu Bukhari aliiweka khabari hii katika mlango wa ushirika, yaani mlango wa watu kuchanganya mali na kugawana. Wanachuoni waliona kuwa mafunzo yake hayamo katika ukubwa wa samaki peke yake. Yamo pia katika mfuko wa tende uliokusanywa kabla ya samaki kuja. Wale watu hawakuanza kugawana waliposhiba. Waligawana walipokuwa na njaa.

WAVUVI WA PWANI

Ama katika pwani ya Waswahili, kuvua ni kazi ya kale kuliko misikiti yake. Wataalamu waliochimba magofu ya miji ya zamani wamekuta mifupa ya samaki katika matabaka ya chini kabisa. Katika karne za mwanzo mifupa iliyo mingi ni ya samaki wa mwambani na wa maji mafupi, waliovuliwa karibu na pwani. Kuanzia karibu na karne ya 11 yaonekana katika baadhi ya miji mifupa zaidi ya papa na ya samaki wa bahari kuu. Wakati huo huo misikiti ya mawe ilizidi kujengwa, na vyombo vya ng'ambo vilizidi kuja. Watu waliojifunza kuelekea Kibla walikuwa pia watu waliojifunza kuvuka mwamba na kwenda kwenye maji ya buluu.

Samaki wa nje ya mwamba si kama changu wa ndani. Huyu wa ndani hupatikana kwa dema au uzio, hata mzee asiye na nguvu aweza kumpata maji yakitoka. Bali nguru na jodari ni samaki wa mbio. Huogelea usiku na mchana katika maji makuu, nao hufuatwa kwa ngalawa au mashua, kwa mshipi unaoburutwa nyuma ya chombo au kwa nyavu za kuelea. Kusi kikivuma kwa nguvu, mwenye chombo kidogo hukaa ndani ya mwamba. Bahari ikitulia hutoka alfajiri bila ya kujua kama atarudi na samaki au na maji matupu.

Kwa sababu ya hatari hiyo, desturi ya wavuvi tangu zamani ni kugawa pato kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Kabla ya samaki kupelekwa mnadani, kila mmoja hutoa cha kupeleka nyumbani, nacho ni kitoweo. Aliyesaidia kuvuta chombo pwani naye hapewi mkono mtupu. Neno hilo kitoweo latokana na kutowea, yaani kuchovya tonge katika mchuzi. Basi hata katika lugha yenyewe samaki na mchuzi wamefungwa pamoja, na chakula hakikutimia mpaka tonge limepata cha kuchovya.

MOTO NA MCHUZI

Si kila samaki hufaa kuchomwa juu ya makaa. Samaki mlaini huvunjika, nusu ikabaki katika wavu na nusu ikaingia motoni. Nguru, jodari na kolekole mnofu wao umekazana, hukatika vipande vya unene wa vidole viwili, na hugeuzwa juu ya moto bila ya kuachana. Hiyo ndiyo sifa yao. Nayo ndiyo aibu yao pia, kwani mnofu ulio mgumu ukizidi moto kidogo hukauka kama ubao. Kwa hiyo samaki wa namna hii huomba mchuzi, na wapishi wa pwani walilijua hilo zamani sana.

Sharti la kwanza ni samaki awe wa siku ile ile. Jodari na nguru wakiachwa juani, katika mnofu wao huzaliwa sumu ambayo moto hauiondoi. Mwenye kumla huweza kuwashwa mwili, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamwuma na moyo ukamwenda mbio. Mvuvi mwaminifu hamfichi mnunuzi saa aliyovua, na mwenye kumwuzia mtu samaki aliyelala juani ameuza maradhi kwa bei ya chakula.

Kisha vipande hupakwa chumvi, kitunguu thomu na tangawizi vilivyotwangwa, pilipili, na maji ya ndimu. Ndimu isizidi wala isikae muda mrefu, kwani ukali wake huuivisha mnofu kabla ya moto, ukawa mkavu. Moto wa asili ulikuwa wa makumbi na vifuu vya nazi, na baadaye mkaa. Huachwa mpaka ndimi za moto zimekufa na majivu meupe yamefunika makaa, ndipo samaki akawekwa. Zamani alibanwa katika mti uliopasuliwa, ukachomekwa mchangani kando ya moto. Baadaye ukaja wavu wa chuma. Hugeuzwa mara moja tu, kwani mwenye kumgeuza kila mara humvunja.

Ama mchuzi, asili yake ni nazi na ukwaju. Nazi hukunwa kwa mbuzi, ikakamuliwa kwa kifumbu. Tui la kwanza zito likawekwa mbali, na la pili jepesi likatangulia kupikwa pamoja na viungo. Tui zito likitiwa, mpishi haachi kukoroga, kwani likichemka pasipo kukorogwa hukatika, mafuta yakawa mbali na maji mbali. Ukwaju hutiwa mwisho. Mchuzi ukiwa mzito hupakwa juu ya samaki akiwa bado motoni, mara ya kwanza na ya pili, naye huyo ndiye samaki wa kupaka. Na uliobaki humiminwa juu yake katika sinia.

Katika mchuzi huo mnaweza kusomwa tarikhi ya bahari nzima. Ukwaju Waarabu waliuita tamri hindi, yaani tende ya Kihindi, ijapokuwa mti wenyewe asili yake ni Afrika. Mnazi na mndimu ilitoka mashariki, ikaletwa na vyombo na mikondo ya maji. Pilipili iliyojulikana zamani ilikuwa ile ya punje nyeusi kutoka Malabar, ambayo sasa huitwa pilipili manga, maana ilipitia Manga, nchi ya Waarabu. Pilipili nyekundu ya leo haikuwako Ibn Battuta alipopita, wala nyanya haikuwako. Hizo ni mimea ya Amerika, zilizokuja katika Bahari ya Hindi baada ya Wareno kufika mwaka wa 1498. Basi wale wale waliovunja miji ya Kilwa na Mombasa waliacha nyuma yao kiungo, na wapishi wa pwani wakakipokea, wakakitia katika chungu chao pamoja na ukwaju wao wenyewe. Adui alikwenda, na pilipili ikawa ya wenyeji.

FUNGU LA JIRANI

Samaki ana mpaka. Nguru mmoja akikatwa hutoa vipande kadha, wala kipande hakiongezeki kwa kutazamwa. Bali mchuzi hauna mpaka kama huo. Nazi moja yaweza kukamuliwa mara ya pili na ya tatu. Kikombe cha maji, ukwaju kidogo na punje ya chumvi, na chungu kilichokuwa cha watu wanne kikawa cha watu saba. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dharr ya kuwa akipika mchuzi azidishe maji yake, kisha awaangalie majirani zake awafikishie. Hakumwambia azidishe nyama, kwani alijua ya kuwa si kila mtu aweza kuzidisha nyama. Alimwambia azidishe maji, na maji hapana asiyeyaweza.

Wasia huo wafaa samaki wa kuchoma kuliko chakula cho chote. Chungu kikiwa jikoni huenda jirani asijue kinachopikwa. Lakini nguru akiwa juu ya makaa harufu yake huingia nyumba za mtaa wote pasipo kubisha hodi. Mtoto wa jirani amekwisha kula kwa pua kabla ya mwenye nyumba kula kwa mdomo. Kwa hiyo wazee wa pwani waliona haya kuchoma samaki bila ya kupeleka bakuli upande wa pili wa ua. Kama kipande hakikutosha, mchuzi ulitosha, na mwenye kuupokea alichovya mkate wake au muhogo wake, akashukuru.

NJIA YA BARA

Katika karne ya 19 watu wa pwani walishika njia ya bara kwa wingi, kutoka Bagamoyo mpaka Tabora, na kutoka Tabora mpaka Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Njia hiyo ilikuwa ya miezi mingi. Waingereza Burton na Speke, walioifuata pamoja na misafara, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Kutoka Ujiji vyombo vilivuka na kupanda kaskazini, na Waislamu wakafanya makao Rumonge na Usumbura, mji ambao baada ya uhuru wa mwaka 1962 uliitwa Bujumbura. Nguru mbichi hakuweza kusafiri njia hiyo, wala mnazi haukustawi kando ya ziwa kama mchikichi. Kilichosafiri ni ujuzi wa mikono na kumbukumbu ya ulimi.

Hapa haki yataka ukweli usemwe, kwani kitabu cha kumbukumbu kinachoficha nusu ya kumbukumbu si amana. Kanuni ya lile jahazi la Masira, kipande kwa kila mtu pasipo upendeleo, haikufuatwa katika njia ya Ujiji. Katika misafara walikuwamo wafanya biashara na mahema yao, wapagazi wenye mizigo vichwani, na watu waliofungwa minyororo wakipelekwa pwani kuuzwa. Wengine walikula wakashiba, wengine walipewa kilichobaki, na wengine walifia njiani pasipo kupewa kitu. Wala hilo halikuanza katika karne hiyo. Hata Sultani yule mkarimu wa Kilwa alikuwa akipigana na nchi za jirani na kuchukua ngawira. Na katika vipawa alivyomwongeza masikini wa Yemen baada ya zile nguo walikuwamo watumwa. Mkono uliotoa nguo ulitoa na watu, kana kwamba nao ni nguo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, na mwaka wa 1897 utumwa ukaondolewa katika sheria ya Unguja. Lakini mambo ya namna hiyo hayaondoki katika nyoyo kwa siku ambayo karatasi imetiwa sahihi.

Yaliyofuata baadaye katika mitaa ya Waislamu kando ya ziwa ndiyo yenye kuleta faraja. Katika mtaa kama Buyenzi walikaa mjukuu wa mfanya biashara wa pwani, na mjukuu wa mpagazi wa Kinyamwezi, na mjukuu wa mwanamke aliyetekwa Manyema, na mwenyeji wa Burundi aliyesilimu. Lugha yao ikawa moja na safu yao ya sala moja. Na Iddi ilipofika walikaa katika mkeka mmoja, mikono yao ikakutana katika sinia moja, ambayo mwenye kuitazama hakuweza kujua mkono upi ni wa nani. Walichoma samaki wa ziwa, sangala na mukeke, kwa namna ile ile ya nguru: chumvi, ambayo zamani ilitoka katika chemchemi za Uvinza, ndimu, na makaa yaliyokwisha kufa ndimi. Mahali pa tui wakatia mawese au nyanya na vitunguu. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Kigoma mwaka wa 1914 safari ya miezi ikawa ya siku, na bidhaa za pwani zikawa rahisi kufika; lakini kwa wakati huo mchuzi wa ziwani ulikuwa umekwisha kuwa na sura yake wenyewe, wala haukuhitaji kuomba radhi.

AMANA YA SINIA

Nguru bado yuko katika Bahari ya Hindi, lakini si kama zamani. Tume ya nchi zinazosimamia uvuvi wa jodari katika bahari hiyo imeeleza katika miaka ya karibuni ya kuwa nguru huvuliwa kupita kiasi cha kuzaliana kwake. Kila apunguapo bei yake hupanda, na kila bei ipandapo huiacha nyumba ya mvuvi na kwenda mezani kwa mwenye fedha. Yule aliyetoka alfajiri kumtafuta aweza kurudi nyumbani na dagaa, na nguru wake akaliwa na mtu asiyemjua. Ziwani nako wavuvi hulalamika vivyo hivyo juu ya samaki wao. Kuvua kwa kiasi, na kuwaacha wadogo wakue, ni sehemu ya kugawana; kwani watoto ambao hawajazaliwa nao ni majirani, ijapokuwa hawawezi kubisha hodi.

Mwenye kuisoma tarikhi hii ataona ya kuwa samaki alibadilika, kutoka shir mahi wa Waajemi mpaka nguru wa Waswahili mpaka sangala wa ziwa. Mchuzi ulibadilika, kutoka siki na tangawizi mpaka ukwaju na tui, mpaka nyanya na mawese. Moto nao ulibadilika, kutoka majani ya miti ya Qalhat mpaka wavu wa chuma. Katika yote hayo hapana lililoharibika kwa kubadilika. Lililoharibu lilikuwa moja, nalo ni mtu kuchagua nani apewe kipande na nani anyimwe.

Basi mwenye kuchoma samaki jioni na akumbuke lile jahazi dogo lililokuwa likipigwa na upepo siku ya Iddi, na nahodha wake aliyenyoosha mkono kupokea kipande kilicho sawa na cha abiria wa mwisho. Na kama samaki ni mdogo na watu ni wengi, mchuzi na uongezwe maji, bakuli lifunikwe kawa, na mtoto atumwe upande wa pili wa ua kabla ya wenye nyumba kuanza kula.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.